Saini Isiyofanana

Jumanne, 10 Februari

Leo ni siku ya mwisho ya kupiga kura. Mimi sina kura. Nina miaka kumi na minne na pumu. Wakubwa wanaulizwa swali moja: kodi ya ardhi ipande ili hospitali yetu ibaki wazi, ndiyo au hapana? Zinatakiwa ndiyo sitini katika kila mia. Zikipungua, mlango unafungwa mwezi wa sita. Hospitali nyingine iko ng'ambo ya mlima, saa mbili kwa gari, kama theluji haijaziba njia. Januari pumzi iliponikatika, Mama alinifikisha kwa dakika kumi na moja. Dakika hizo huwa nazihesabu kitandani.

Babu Torvald, mwenye shamba la ngano tunamoishi, alituma bahasha yake ya kura kwa posta wiki mbili zilizopita. Dukani alitangaza mbele ya wote, "Hapana! Shamba si ng'ombe, mkalikamua kila mwaka!" Bwana Ostrom, mwenye duka, akamwambia akianguka atatibiwa na daktari wa mifugo. Babu akajibu kwamba yule angalau huja nyumbani. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 12 Februari

Barua ya Babu kutoka ofisi ya uchaguzi. Barua za serikali huwa namsomea mimi, basi nikaifungua pale pale barabarani, kwenye sanduku la posta. Saini iliyo juu ya bahasha yake haifanani na ile waliyo nayo. Asaini upya kwenye fomu hii, ifike kabla ya saa kumi na nusu jioni, Alhamisi ijayo. La sivyo kura yake haitahesabiwa.

Haitahesabiwa!

Nimeificha ndani ya kitabu cha biolojia. Sijaiba. Nimeichelewesha tu. — Huo nao ni uongo. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 13 Februari

Ndiyo 1,207. Hapana 804. Tumepita! Bi. Delaney wa hesabu alipiga hesabu ubaoni: ikiongezeka hapana moja tu, tumeanguka. Na bado zipo bahasha kumi na moja zenye kasoro za saini. Darasa zima lilipiga makofi. Nami nilipiga, huku begi langu likinichoma mgongo.

Jumapili, 15 Februari

Babu amemwaga kahawa mara mbili. Mkono wa kulia. Anasema kikombe ni kibovu. Kanisani kifungo cha koti kilimshinda, nikamfungia. "Vidole vimezeeka kabla yangu," akanong'ona.

Jumanne, 17 Februari

Nimeitoa tena ile barua. Wameweka nakala za saini zote mbili. Mara ya kwanza nilitazama tarehe tu. Leo nimetazama saini. Ya zamani imesimama wima kama nguzo za uzio. Mpya imelala, inateremka, inatoka nje ya mstari.

Mkono ulianza kuugua kabla ya kura. Siku tano nimeficha dalili yenyewe, ndani ya kitabu cha biolojia!

Naogopa. Nitasema kesho asubuhi.

Jumatano, 18 Februari

Nimesema. Mama hakunigombeza. Alizitazama zile saini, akamwambia Babu, "Baba, hebu tabasamu." Nusu ya mdomo ilibaki palepale. "Funguo za gari!" Mama akasema. Dakika kumi na moja.

Kiharusi kidogo, amesema daktari. Pengine si cha kwanza. Angechelewa siku chache zaidi — hakumaliza. Nilitoka nje kuvuta dawa yangu.

Alhamisi, 19 Februari

Babu aliidai fomu. Mama akasema apumzike. "Nitapumzika nikishasaini." Nikataka kumsaidia. "Usinishike mkono, Britta. Shika karatasi tu." Nikaishika. Kalamu ikaanguka. Ikaanguka tena.

Fomu inaruhusu alama ya msalaba badala ya saini, mbele ya mashahidi wawili. Babu akauchora kwa shida, Mama akasaini. Shahidi wa pili alikuwa Nesi Maribel, ambaye hospitali ikifungwa hana kazi. Naye alimsikia Babu dukani. Aliisoma fomu yote, akauliza, "Mzee, hii ndiyo alama yako?" Babu akasema ndiyo. Nesi akasaini. Akarudi kumpima presha.

Kura yenyewe imefungwa ndani ya bahasha kule ofisini. Hakuna wa kuigeuza, hata yeye mwenyewe.

"Babu, kweli ulipiga hapana?"

"Kura ni siri, mjukuu wangu."

"Ulitangaza dukani!"

"Dukani nilitangaza pia kwamba naacha kahawa."

Akafumba macho. Nusu ya mdomo ilicheka, au ndivyo ilivyokaa sasa, sijui.

Mama habanduki kando yake, wanasubiri picha ya kichwa. Fomu nimepewa mimi. Ofisi iko mitaa miwili tu kutoka hospitali. Nimeketi kwenye ngazi za ofisi, naandika nikiwa na glavu. Saa kumi na dakika kumi na tisa. Kupitia kioo namwona mama wa uchaguzi anapanga karatasi, anatazama saa ya ukutani. Nyuma yangu naliona dirisha la Babu, taa inawaka.

Hakuniuliza kama nitaifikisha. Aliniita nikiwa mlangoni, akasema tu nifunge skafu mdomoni, baridi hii itanibana kifua.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili. Nimeifunga skafu mdomoni. Naingia.