Picha Yasema Mzima, Shingo Yasema La

Kigali, 3 Juni

Baba,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na Uwera bi harusi wetu umsalimie. Mimi sijambo kiasi. Hicho kiasi ndicho kilichonifanya niandike, maana kwenye simu husikii vizuri, na mimi nikipaza sauti kichwa kinagonga.

Jumanne tulikuwa kwenye gari la Gatete, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma, tumesimama kwenye taa. Lori likatugonga kwa nyuma. Wala si kwa nguvu, ilivunjika taa tu. Kichwa changu kilikwenda nyuma kikarudi mbele. Nikashuka, nikacheka na wenzangu, jioni nikala viazi vyangu. Asubuhi naamka, shingo imekuwa gogo! Nikitaka kutazama pembeni nageuza mwili mzima.

Hospitali wamepiga picha, wanasema mfupa mzima. Wamenivalisha kola ya shingo, nipumzike. Sasa mfupa ukiwa mzima, haya maumivu yanatoka wapi? Sielewi. Jana nilisahau jina la mtaa ninaokaa.

Mwanao,
Ruboneka

Nyanza, 10 Juni

Mwanangu,

Salamu zetu zote zikufikie, na pole sana. Sisi wazima, ng'ombe wazima, mama yako tu hali chakula kwa ajili yako.

Lakini hebu nikuulize. Mimi nimeongoza mstari wa wachezaji wa intore tangu ujana, umugara kichwani, singa za katani mpaka kiunoni, narusha kichwa hadi wageni wanaogopa kitang'oka. Hakikung'oka. Wewe unaangushwa na taa ya gari?

Harusi ya dada yako ni mwisho wa Agosti. Wakwe nimeshawaambia mstari utaongozwa na mwanangu. Ukoo huu haujawahi kuazima kiongozi, unajua. Njoo nyumbani, Nyirantozi akuvute hiyo shingo. Si ndiye aliyemponya ndama wetu mguu?

Baba yako

Kigali, 22 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini mama ameanza kula.

Nyirantozi hapana! Asinisogelee kabisa. Baba, hapa kila mtu daktari. Mama mwenye nyumba anasema nilale bila mto. Gatete anasema ni uvivu tu. Leo nimekwenda kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, kuniona tu akashika kiuno: "Wewe, bado unalo hilo dude? Vua!" Anasema kilichovutika ni nyama na mishipa, na picha haioni nyama. Kola niliyoing'ang'ania imeilegeza shingo. Ameipapasa, akaniambia kichwa nikigeuze taratibu, kulia, kushoto, mara nyingi kwa siku, hata kikiuma kidogo. Ila nisikirushe.

Wa kwanza kasema nitulie, wa pili kasema nisogeze. Nimsikilize nani? Kola nimevua, lakini naogopa hata kupiga chafya.

Mwanao,
Ruboneka

Nyanza, 1 Julai

Mwanangu,

Hujambo sana! Gatete amepita hapa, kasema umevua kola na unageuza shingo. Kumbe umepona na hutuambii! Mama yako amepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja. Wakwe nimewapa habari. Umugara wangu mwenyewe nimeutoa, nimeuchana vizuri, dereva wa basi atakuletea. Uutendee haki.

Baba yako

Kigali, 6 Julai

Baba,

Shikamoo, lakini jamani, sijapona! Kuvua kola ni dawa, si kupona. Nageuka nusu tu, na jioni macho yananichezea. Umugara umefika, nimeuweka juu ya kabati. Tafadhali waambie wakwe sitaweza. Nakuomba baba yangu, waambie.

Mwanao,
Ruboneka

Kigali, 2 Agosti

Baba,

Shikamoo, popote ulipo. Mwezi unakatika, hujajibu. Nikipiga simu, mama anasema uko na ng'ombe. Ng'ombe gani hao wasiolala?

Najua unadhani najisingizia. Ndiyo maana Jumapili nilikwenda mazoezini, nikavaa umugara wako, nikarusha kichwa. Mara moja tu. Ukumbi ukazunguka, nikatapika mbele ya wenzangu. Gatete ndiye aliyenidaka, na sasa hata yeye hacheki. Yule dada wa mazoezi ya viungo amenigombeza hadi akalia. Amenipeleka kwa daktari nikapimwa upya. Wanasema nitapona, ila nimejirudisha nyuma.

Umugara nimeurudisha kwa basi. Sitaki unionee huruma. Nataka uniamini, basi.

Mwanao,
Ruboneka

Nyanza, 15 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Mwandiko huu usikushangaze, naandika nimelala.

Umugara ulifika kabla ya barua yako, barua dereva aliisahau garini. Mimi nikaona umenirudishia tu, bila neno. Nikachukia. Nikasema haya, nitaongoza mwenyewe, kwani nimekufa? Nikauvaa, nikasimama uani, mama yako ananiambia "mzee, acha", nikarusha kichwa mara tatu. Nilicheza vizuri, usinicheke. Asubuhi nikaitwa, nikataka kugeuka, sikugeuka.

Uwera akanipeleka kituo cha afya, akataka na picha. Picha inasema mzima! Nimeitazama hiyo picha mpaka nimechoka, sioni kitu, na shingo inawaka. Mwanangu, hiki ni kitu gani? Nyirantozi alipokuja, nilipoona tu ile mikono yake inanijia, nilipiga kelele kama mbuzi. Akaondoka amenuna. Ndipo barua yako ikafika, na Uwera akanisomea. Alipofika pale ulipotapika nikamwambia anyamaze kwanza.

Nimewatuma watu kwa wakwe. Mstari utaongozwa na kijana wa kwao. Ndiyo, tumeazima.

Nilitakiwa kukuamini shingo yangu ikiwa bado nzima. Nisamehe. Njoo mapema, usije kucheza, uje tukae. Na unijibu upesi: nageuza taratibu kama ulivyoandika, kulia kunakwenda, kushoto kunafika katikati halafu kunauma. Hapo nisimame, au niendelee?

Baba yako