Meno Mawili Tuliyoyaficha

Nyantakara, Biharamulo,
Jumatatu, 9 Machi 2026.

Mpendwa Dada Christina,

Shikamoo dada. Hujambo huko Masasi? Shemeji hajambo, na goti lako je? Sisi tupo, mvua imeshika na mihogo inaendelea vizuri. Mama anakula kidogo. Ila nisikufiche, salamu hizi zinatoka mdomoni tu, moyo wangu haupo.

Unajua kwamba shemeji yangu Kazimili, ndugu wa marehemu mume wangu, alimwoza mwanangu Genoveva kwa Shibuda nikiwa msibani Bugarama. Nilikimbilia polisi, mtoto akarudi, Shibuda akashtakiwa. Sasa upande wa Shibuda unadai Genoveva ana miaka kumi na tisa. Kadi ya kliniki iliungua na ile nyumba yetu ya nyasi. Cheti cha kuzaliwa sikukata, uzembe wangu mwenyewe. Na kwa mwili ule mkubwa aliorithi kwa marehemu baba yake, nani ataniamini?

Tulipelekwa kwa daktari wa meno. Akampiga picha, akasema magego ya mwisho bado yamelala ndani na mizizi yake ni michanga, kwa hiyo yeye anaona mtoto. Lakini wapo ambao huchelewa, hivyo ameandika kati ya miaka kumi na nne na kumi na minane. Wakili wa Shibuda ameing'ang'ania hiyo kumi na minane kama kupe.

Kisha daktari akaona pengo la chonge mbili za chini. Akamtuma mtoto nje, akaniuliza, "Mama, hapa mtu alichimba. Lini?"

Dada, nikasema alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Akaniangalia, akaandika. Akasema pole pole kwamba meno ya plastiki, yale machanga ya ufizini ambayo watu hudai yanaleta homa na kuharisha, huchimbwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na kama ningeijua siku yenyewe, umri ungejulikana. Nikaaga kama mjinga.

Unakumbuka. Mtoto anaharisha, ana homa, ufizi umevimba. Mama akanoa spoku ya baiskeli, wewe ukashika kichwa, mimi miguu. Tukaapa kutosema, maana nesi alikuwa ametutishia polisi tukichimba. Kesho yake ukapanda basi kwenda chuo cha ualimu. Barua yako ya kuitwa chuoni ina tarehe ya kuripoti, Julai 2011. Genoveva alikuwa na miezi saba.

Niliogopa Mama asije akafungwa. Jana nikamweleza yote. Akausukuma uji wake pembeni, akasema, "Mkono ulikuwa wangu. Mwambie Christina alete hiyo barua." Yeye mwaka haujui. Mimi nimeshadanganya, neno langu limekwisha uzito. Umebaki wewe.

Najua wewe ni mwalimu mkuu, na utaulizwa mbele za watu siku ile ulishika nini. Nakuomba hivyo hivyo, nimepiga magoti. Kesi ni Alhamisi, tarehe 19. Tukishindwa, Shibuda ataachiwa na watakuja kumchukua mkewe.

Genoveva hajui lolote. Anadhani alizaliwa bila hayo meno. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja, ingawa siku hizi hacheki.

Nisalimie shemeji, Nshoma na wale mapacha. Mungu akulinde barabarani, maana mimi nimeshakuhesabu kuwa uko njiani.

Mdogo wako akupendaye na asiye na mwingine,
Milembe

Nimesahau: Mama ameitoa spoku kwenye kibweta chake. Ameifunga ndani ya kanga atakayoivaa mahakamani.