Koti la Watu Sita

Mdogo wangu Yoram,

Naanza na afya, maana ndilo jambo mama atakalouliza ukifungua barua hii. Mimi ni mzima, ila kidole gumba kilibanwa na gari la mawe, kinapona. Nanyi hapo Isansa hamjambo? Mguu wa mama umepungua kuvimba?

Barua yako imefika. Unasema umemwambia mwalimu mkuu huendelei kufundisha, na baada ya mavuno utakwenda Tunduma kuandikishwa kazi ya mgodi, ili urudi kama nilivyorudi mimi. Basi nakueleza nilivyorudi.

Huku Rodeshia tuna neno, Taa. Chini mgodini unafuata taa ya aliyekutangulia. Juu, Taa ni yule ambaye akikunja ukingo wa suruali leo, Jumapili wote wamekunja. Chumbani kwetu Taa ni Simbeye, Mnamwanga wa Momba. Koti la kijivu ulilolisifu alilichagua yeye, tukalinunua watu sita. Anayekwenda likizo hulivaa, kisha hulirudisha. Viatu vilikuwa vya Simbeye, kofia ya Lazaro, mwenzetu wa kitanda cha mlangoni. Siku ya safari walinisimamisha juu ya kitanda wakanikagua.

“Usiiname, mukwai,” Simbeye alisema, yaani bwana kwa lugha ya huku. “Taa haiinami.”

“Na wakimpa jembe?” Lazaro akauliza.

“Aseme mgongo unamuuma.”

Ndivyo nilivyosema. Nilikaa kitini siku tisa, wewe ukalima shamba la mama peke yako, na jioni ukavipaka viatu vile mafuta. Mgongo haukuniuma. Niliogopa mshono wa kwapani, ulikuwa umeanza kuachia. Ukaniuliza kama huku wote huvaa hivi, nami nikacheka tu. Hapo nilikosa.

Kazi yangu ni kupakia mawe kwa sepetu. Nguo zangu mwenyewe ni kaptula mbili na shati moja. Simbeye alianza kukohoa kabla ya Pasaka. Sasa akipanda ngazi husimama mara tatu. Nywele bado anazichana vizuri.

Sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Lakini usije kwa ajili ya koti. Mwone mwalimu mkuu kabla hajampa mwingine darasa lako.

Leo asubuhi Lazaro ameondoka kwenda kwao. Nimeushona mshono, tukamsimamisha kitandani. Nikamwambia, “Wadogo zako wakikuuliza, waambie ukweli.”

Akanitazama toka juu. “Kaka, wewe uliwaambia?”

Alipotoka nikatafuta karatasi.

Msomee mama yote, hata habari ya mgongo. Nisalimie shangazi wa Nanyala, na mjomba mzee wa kanisa aliyenipisha benchi la mbele. Mwambie nikija tena nitakaa nyuma. Nawe uniwekee jembe.

Ni mimi kaka yako,
Tito