Siku Anti May Alipoulizwa

Alhamisi, Julai 2021

Jua limewaka kutwa hapa Rooty Hill na bado vidole vimekufa ganzi, maana huku Julai ni majira ya baridi. Mji umefungwa tena kwa ajili ya korona. Sisi wafanyakazi wa nyumba za kutunzia wazee ndio tunaotoka, barua ya ruhusa mfukoni.

Leo nimemdanganya mzee. Naandika upesi kabla sijaanza kujitetea.

Anaitwa May. Ni mwenyeji asilia wa nchi hii, wa watu waliokuwepo kabla ya Wazungu, na kwao mwanamke mzee huitwa anti hata na asiye ndugu yake. Alinisimulia mwenyewe siku moja nikimchana nywele. Alikuwa na miaka mitano, mama yake anafua mtoni, watu wa serikali wakaja na gari. Wakamwambia wanakwenda kutembea kidogo. Akapelekwa kwenye bweni la wasichana, akapewa jina jingine, akawa anachapwa kila alipoongea lugha ya kwao. Mama yake hakumwona tena.

Nilikuwa naijua habari hiyo. Ndiyo maana naona haya.

Asubuhi, mzee wa chumba cha jirani alikutwa na korona. Bosi akaniambia nimhamishie Anti May upande wa karantini, haraka. Sasa, sisi Warundi tuliokulia kambini Tanzania, mzee hatumpi habari mbaya usoni. Tunamzungusha. Babu yangu alipopelekwa kukatwa mguu tulimwambia anakwenda kupimwa presha, na hakuna aliyeona ubaya. Basi nikasema, kwa sauti yangu tamu kabisa, "Anti, twende tukatembee kidogo."

Akavaa sweta lake la kijani. Alifurahi, masikini.

Alipoona begi lake juu ya kitanda kigeni, akashika fremu ya mlango. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, nami nikatoka mbio kama mwizi.

Kwenye chumba cha chai nilimweleza Mama Furaha, mwenzangu wa kutoka Bukavu. "Mais ulifanya muzuri," akasema, Kifaransa kikimponyoka kama kawaida. "Muzee haambiwe yote. Ataizoea tu." Jana ningemkubalia.

Kila kikao chetu kazini hufunguliwa kwa maneno ya kuwaheshimu wenye ardhi hii, yaani watu wa kina Anti May. Huwa nainamisha kichwa na kujiona mtu mwema sana.

Nikavaa gauni jipya la plastiki la kujikinga, nikarudi. Nikamwambia nimemdanganya. Kuna korona kule, atakaa hapa siku kumi na nne, mlango utafungwa ila hauna kufuli. Nikamwomba msamaha.

Alivuta mikono ya sweta lake. Kisha akasema, "Ulinileta bila kuniuliza. Niulize sasa."

"Anti May, unakubali kukaa hapa?"

"Hapana."

Nikimlazimisha, mimi ni mmoja wa wale wale wa gari. Nikimrudisha, huenda akafa. Nilisimama pale jasho likinitiririka ndani ya barakoa, na sikuona pa kutokea.

"Sawa, Anti," nikasema. "Nakwenda kumwambia bosi umekataa." Nikageuka.

"Rudi." Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Nitakaa. Sina wazimu, sitaki kufa. Lakini hiyo hapana nimekaa nayo tangu nina miaka mitano. Hakuna aliyewahi kuniuliza."



Nimeishi na watu waliovuka mipaka kwa miguu, nikadhani najua uvumilivu ni nini. Sijui kitu. Mtu amebeba neno moja zaidi ya miaka sabini, siku ya kulisema akalisema bila chuki, tena mbele yangu mimi niliyetoka kumkosea. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nimefika nyumbani, chakula kimenishinda. Nashangaa tu.

Kesho naingia zamu ya asubuhi. Nitapiga hodi mlangoni kwake, na nitasubiri, hata akichelewa kujibu.