Jini wa Dirisha la Bibi Itto

Jumamosi, 11 Januari

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: jini anayefungua dirisha la Bibi ni mimi.

Haya, nimeandika!

Bibi Itto akisikia upepo wa milimani anakanda unga, anachovya ukanda wa kitambaa, anaziba nyufa zote za dirisha — vilevile anavyoziba chungu cha kuskusi mvuke usitoroke. Kisha anawasha jiko la mkaa uani. Makaa yakiwa mekundu kabisa, analiingiza chumbani, anafunga mlango, anasinzia mpaka Mama arudi kutoka kazini. "Moshi umekwisha, ubaya umekwisha." Wazee wote hapa mjini kwetu Azrou husema hivyo.

Lakini mwalimu wa sayansi alisema, kwa Kifaransa, kwamba gesi ya mkaa inayoua haina moshi wala harufu. Na Jumatatu Bibi aliamka kichwa kinamgonga, akatapika, akasema ni jicho la jirani. Nilijaribu kumweleza. Maneno yakaja yote kwa Kifaransa, nikakwama, nikawa mwekundu kuliko makaa. "Gesi gani tena? Moto huu tumeuota tangu babu yako hajaota meno!"

Basi. Akisinzia tu, naingia kwa ncha za vidole, nabandua ukanda, nafungua dirisha upana wa kidole.

Jumatatu, 13 Januari

Bibi amemaliza uchunguzi. Si paka, si upepo. Ni jini! Jirani yetu Fadma kaunga mkono upesi: jini wa dirishani ni mlafi, mpe asali atatulia. Bibi kaweka mkate na asali dirishani.

Nimeula. Mtamu! Mungu nisamehe.

Habari mbaya: Mjomba Bassou kapiga simu. Bibi akiumwa kichwa mara nyingine, anamhamishia kwake Casablanca, ghorofa ya nne. Bibi: "Ghorofani hukaa njiwa. Mimi nitafia hapa na kuku wangu." Kisha akaziba dirisha upya. Unga mara mbili!

Jumatano, 15 Januari

Siamini. Mimi! Mimi ambaye darasani nikiitwa jina siwezi hata kusema "nipo".

Leo Bibi hakusinzia. Nilikuwa uani, nimechuchumaa chini ya dirisha. Akafungua, akaweka mkate, akasema: "Ewe usiyeonekana, asali yangu umekula. Sema basi, unataka nini?"

Nikajibu! Sauti nzito, kama beberu mwenye mafua: "Hewaaa!"

Bibi: "Na nisipokupa?"

"Nahamia bandani kwa kuku!"

"Ishia hapo hapo! Kuku wangu waache. Hewa chukua!"

Nilikimbia, kandambili moja ikabaki kwenye theluji. Dirisha liko wazi upana wa kidole — kaliacha Bibi mwenyewe.

Ijumaa, 17 Januari

Balaa tamu! Bibi kasimulia hamamuni, kwenye bafu la wanawake wote. Sasa wazee sita wa kichochoro chetu wanaota mkaa madirisha wazi, asali juu yake. Na lazima iliwe, la sivyo watasema jini kaondoka, wazibe tena! Dirisha la tano nilikuwa nahema. La sita niligawana na paka.

Fadma kaniangalia juu mpaka chini: "We Tilila, wenzio baridi inawakondesha."

Bibi hajaumwa kichwa tangu Jumatano. Ila najua kidole hakitoshi. Mwalimu alisema jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa. Jini atadai polepole. Wiki ijayo, mlango.

Jumamosi, 18 Januari

Mjomba kaja bila taarifa. Kakuta theluji nje, dirisha wazi, na Bibi akimlalamikia jini bei ya mafuta ya zeituni.

"Mama, akili imekuruka!"

"Akili ninayo, jini ninaye. Wewe huna hata kimoja."

Nikacheka. Peke yangu. Mjomba kasema mzee anayefungua dirisha Januari haachwi peke yake nyumbani. Kesho asubuhi anamchukua. Mama yuko jikoni, analia na vitunguu hata hajavimenya.

Kwa hiyo anaondoka kwa sababu yangu! Nikisema, Bibi pengine anabaki. Lakini atajua hakuna jini, atarudia unga wake. Na ile asali ya kichochoro kizima, jamani, aibu!

Nimekwenda mara mbili kusimama mbele ya Mjomba. Mara ya kwanza nikasema, "Chai?" Mara ya pili, "Sukari?"

Nacheka na kulia, sijui kipi ni kipi. Bibi yuko chumba cha pili, anamuuliza jini kama huko ghorofani kuna nafasi ya wawili.

Nyayo. Si za Bibi, yeye huburuta mguu. Hivi ni viatu vya mjini. Vimesimama mlangoni kwangu.

Nalificha daftari chini ya blanketi. Kona naiacha nje. Mimi kusema siwezi, lakini Mjomba kusoma anajua.