Fisi Lazima Alale Mahali

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinanibana kidogo kwa baridi ya humu kiwandani. Usianze kuwaza, nimeshanunua dawa na nimevaa ile sweta yako mbaya. Wewe je? Goti limetulia? Cherehani bado inakula uzi?

Mama, mwaka unatimia tangu baba atutoke, na piano yake haijaguswa na fundi tangu wakati huo. Nyuzi hulegea zenyewe hata kama hakuna anayepiga. Mimi kutwa nzima nakaza nyuzi za piano mpya za watu nisiowajua, halafu ya kwetu naiacha iharibike! Naona aibu. Nimemwomba Fundi Miwani, yule aliyekuwa akifanya kazi na baba, aje aiweke sawa. Nimeshapatana naye. Ni zawadi yangu kwako, usikatae.

Kabla hajaja, nirekodie kila kitufe kwenye simu, kimoja kimoja, nijue nyuzi zimelegea kiasi gani.

Mwanao,
Kitinda


15 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisalimia kila nikipanda ngazi. Cherehani imepona. Na sweta si mbaya, ni rangi tu ilikosa bahati.

Zawadi yako nimeisoma mara mbili na sijaipenda. Mtu wa mwisho kuikaza piano hii ni baba yako, na sioni raha mkono mwingine ukipita juu ya wake. Lakini nikikataa utasema mama mkaidi, basi aje. Kasoro inayo, hilo silikatai. Kule kwenye vitufe vyeusi kuna zile sauti mbili zinazolia kama fisi zikipigwa pamoja, ninyi watoto mlikuwa mnakimbia. Miaka yote nilimsema: piano za watu umezinyoosha zote, ya mkeo ina fisi. Mganga hajigangi! Naye anacheka tu. "Fisi lazima alale mahali, mke wangu."

Mimi kila jioni nikishaweka mkasi chini nabonyeza do, mi, so kwa mkono mmoja, naimba wimbo wangu uleule. Jirani wa juu anagonga sakafu kwa mpini wa ufagio. Agonge. Ni hapa nyumbani tu ninapoimba. Kwaya ilinitoa nikiwa msichana, nadhani sijawahi kukusimulia vizuri. Mwalimu aliwasimamisha watu wote akasema, "Wewe wa nyuma, ukifika mi unashuka, unatuvuta sote." Baba yako alikuwa pembeni, ameifungua piano ya kwaya anakaza nyuzi. Nilitoka nalia. Akanifuata nje na ufunguo wake wa kukazia nyuzi mkononi, akaniambia nimwimbie tena ile mi. Nikajua ananitania, nikamwimbia kwa hasira. Akasema, "Tena." Ndivyo tulivyoanza.

Vitufe nimevirekodi kwa simu ya jirani huyohuyo, maana yangu haishiki kitu. Atakutumia.

Mama yako


24 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, sweta imeshinda. Natumaini goti nalo limeona mfano wa kuiga.

Rekodi zimefika. Nimecheka mpaka wenzangu wakanigeukia: kila ukibonyeza kitufe, unaimba juu yake! Nilikuomba unirekodie piano, sikukuomba uisindikize. Kipimo changu cha sauti kilichanganyikiwa, ikabidi nichukue mwanzo tu wa kila sauti, kabla hujaingia, nyingine nikaitupa.

Umeuliza mara nyingi huyu fisi anatoka wapi. Nikueleze kwa lugha ya mapazia. Ukianza kwenye do ukapanda hatua safi, kama ile ya do kwenda so, ukairudia mara kumi na mbili, unatakiwa uangukie kwenye do tena. Huangukii. Unapitiliza kidogo, unywele tu. Hakuna aliyekosea, sauti ndivyo zilivyoumbwa. Ni kama kitambaa kimezidi dirisha. Ama utakikunja kidogo kidogo kwenye kila pindo asione mtu, ama utakirundika chote kwenye kona moja. Mafundi wa leo tunagawa sawasawa: kila hatua inapunjwa kidogo, na hakuna inayolia. Ya nyumbani tofauti imerundikana kwenye kona, na huyo ndiye fisi.

Tena mi zote zimeshuka, kama nilivyohofia. Nimemwandikia Fundi Miwani apandishe mi na amfukuze fisi. Utaona itakavyopendeza.

Mwanao,
Kitinda


19 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi.

Fundi Miwani alikuja. Mtu wa adabu, alivua viatu mlangoni, akafanya kazi tangu asubuhi mpaka chai ya alasiri. Kila kitufe kimenyooka. Alipoondoka nilikwenda mwenyewe kule kwenye vyeusi kumtafuta fisi, hayupo.

Jioni nikabonyeza do, mi, so, nikaimba. Mwanangu, piano ilinikataa. Mi yake iko juu ya yangu, na zikikutana zinatetemeka. Nilijaribu kupanda niifuate, koo likagoma. Nimejaribu wiki nzima. Kumbe yule mwalimu wa kwaya alisema kweli, na baba yako alikuwa ananihurumia tu alivyokuwa akiniita mwimbaji wake. Si vibaya. Mtu akikuhurumia miaka yote hiyo, naye amekupenda.

Nimefunga kifuniko, vitambaa vya wateja nimeviweka juu yake, angalau ifanye kazi. Usijilaumu. Asante kwa zawadi.

Mama yako


30 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi goti, nina haraka ya kukuambia jambo.

Barua yako ilininyima raha. Nikazirudia zile rekodi, safari hii nikasikiliza sehemu niliyoitupa, pale unapoimba. Kwenye vitufe vingine unatangatanga, unaimba huku unawaza mambo ya wateja. Ukifika kwenye mi, sauti yako na ya piano zinakuwa moja. Hakuna mtetemo hata chembe.

Na mi hizo hazikuwa zimelegea. Kila uzi hulegea kwa wakati wake, huu sana, ule kidogo. Mi za nyumbani, za chini mpaka za juu, zilikuwa zimeshuka kwa kiasi kimoja. Ile ilikuwa kazi ya mkono wa mtu. Niliiona kwenye kipimo nikapita kama sijaona.

Sikiliza, mama. Tukigawa sawa kama tunavyogawa, mi inabaki juu ya mahali pake. Masikio ya watu yamezoea, hawaisikii. Mi safi, inayokaa na do kwa utulivu, iko chini kidogo, na hiyo ndiyo unayoiimba wewe. Hukushuka. Piano ya kwaya ndiyo iliyokuwa juu, na baba aliligundua hilo siku ileile. Ndiyo maana alitaka uimbe tena. Piano yenu akaikaza kukufuata: alizibana hatua nyingine zaidi ya kawaida ili mi yako itulie, na tofauti yote akaisukumia kwenye vitufe vyeusi, ambako wimbo wako haufiki. Fisi akalala huko.

Na mimi nikamtuma mtu aje aifute kazi hiyo. Nimelia hapa kiwandani, mbele za watu. Nimeomba likizo, nafika tarehe ishirini. Vipimo vyote ninavyo, lakini sitaki kuikaza kwa kipimo. Nataka uniimbie.

Mwanao,
Kitinda


10 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba, na goti uliulize, limekasirika.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mara jirani wa juu akashuka kuuliza kama ninaumwa. Anasema siku hizi ufagio wake hauna kazi. Nikamsomea, mwanamume mzima akatoa leso.

Nimelia, halafu nikamgombeza baba yako humuhumu ndani kwa sauti. Miaka yote namwita mvivu mbele ya wageni, naye anacheka tu! Angeniambia hata mara moja tu. Lakini nimewaza: angeniambia, ningeanza kuichunga ile mi, na ningeiharibu. Alinijua.

Mimi ni mshonaji. Mteja akija nguo imembana, sijawahi kumwambia akapunguze mabega. Nafungua mshono. Nimewafanyia watu hivyo tangu ujana wangu, na haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu alinifanyia mimi. Yule mwalimu alitaka nipunguzwe. Baba yako alikwenda akafungua mshono wa piano nzima. Nampenda mtu yule mpaka leo, na leo nina sababu nyingine.

Vitambaa nimeviondoa juu ya kifuniko. Sijabonyeza kitu, nakusubiri wewe. Ila nimekuwa nikiimba jikoni, peke yangu, polepole, niangalie kama ile mi bado ipo. Ipo. Imechakaa pembeni kama mwenyewe, lakini ipo.

Ufunguo wa baba yako uko kwenye droo ya cherehani, utatumia huo. Nitakuimbia mpaka uchoke. Na ukishamaliza na mi, mrudishe fisi kule kwenye vyeusi, usiniachie nyumba bila yeye.

Kitanda chako nimeshakitandika. Mlango wa mbele siku hizi unashika, usukume kwa bega.

Mama yako