Geti la Wivu Kwenye Bustani ya Mtaa

Mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana mtego nimeuchomelea mwenyewe na mguu ulionaswa ni wangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina mke na watoto wawili, na karakana yangu inatazamana na bustani ya mtaa wetu, ile ya nyasi nusu na vumbi nusu, ambako mke wangu alianza kwenda mazoezi kila jioni baada ya daktari kumwambia presha imepanda, na sikatai, kwanza aliniomba twende wote nikamwambia mimi nanyanyua chuma kutwa nzima, unataka nikaruke ruke kama panzi, basi akaenda peke yake, yakaisha. Kumbe hayakuisha, kwa sababu anayewafanyisha mazoezi ni kinyozi mmoja wanamwita Kocha, mwanamume hana mke, ana filimbi shingoni na bukta ya kunyooshwa kwa pasi, mshauri, bukta yenye mstari wa pasi, na akisema "mama, nyoosha mkono" anamshika kiwiko akamnyooshea mwenyewe, na mke wangu anacheka. Kicheko hicho nakisikia hadi karakana huku mashine inawaka. Nyumbani sijakisikia sijui tangu lini. Juzi kwa kuchungulia huko nimechomelea dirisha la mteja likatoka limepinda.

Sasa mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, wakazi tutoe maoni bustani itengenezweje: akina mama wakataka bembea, vijana wakataka magoli, wazee wakataka viti vya kuegemea, jirani yangu mmoja akataka paegeshwe magari akazomewa, nami nikanyanyuka, roho inaniuma, nikasema pazungushiwe uzio na geti lifungwe kila siku saa kumi jioni kwa usalama wa watoto, nikawatajia wezi, nikawatajia na nyoka. Wakanipigia makofi. Wakanipa na kazi ya kutengeneza geti lenyewe. Kisha mwenyekiti akauliza, ufunguo akae nao nani, na wote kwa sauti moja wakasema Kocha.

Mke wangu hakupiga makofi. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Baba watoto, ungesema tu hutaki niende. Sasa unawafungia hadi watoto wako kwa ajili yangu?" Nikakana kabisa. Akasema siku geti hilo litakapotiwa kufuli atasimama pale pale awaeleze watu sababu yake, na tangu hapo anaongea nami kama mteja. Geti liko hapa nimeliegemeza ukutani, zimebaki bawaba tu, na Jumamosi ndiyo siku ya kulifunga pale bustani. Nikilipeleka nimeaibika, nisipolipeleka watauliza kwa nini. Na huyu Kocha nimfanyeje?

Fundi Mwenye Moto

JIBU

Fundi, pole. Wivu unauma, na anayesema hauumi hajawahi kupenda. Pole yangu inaishia hapo.

Kocha usimfanye kitu. Umeandika barua ndefu na kosa la mkeo ulilolipata ni moja tu, kucheka. Tena anacheka mchana kweupe, mbele ya majirani, mbele ya karakana yako. Mwenye lake la kuficha angetafuta pengine. Mimi barua yako nimeisoma nikakwama pale ulipopapita mbio: alikuomba mwende wote. Wewe ndiye uliyealikwa kwanza, ukamjibu mambo ya panzi. Leo unamchukia mtu kwa kusimama mahali ulipopakataa mwenyewe. Na ile presha umeisahau? Dawa ya mkeo ndiyo hayo mazoezi, wewe unaitengenezea kufuli. Mara ya mwisho wewe kumchekesha ilikuwa lini? Usinijibu mimi.

Sasa sikiliza. Kesho nenda kwa mwenyekiti, mwambie umefikiri upya, saa kumi ni mapema mno, watoto ndiyo kwanza wanatoka shule na watu wazima bado wako kazini. Geti lifungwe usiku, watu wakisharudi makwao. Hilo ni kweli na halimtaji mkeo popote. Watakaokucheka wacheke, watachoka wenyewe.

Kwa mkeo usiende na habari za nyoka. Mkalishe umwambie, "Niliona wivu." Ni maneno mawili, hayajawahi kuua fundi. Ukimaliza, chukua mabomba yaliyosalia kwenye geti uwafanyie watoto bembea, akina mama waliomba na wewe ulikuwa hapo ukisikia.

Halafu kesho hiyo hiyo jioni funga karakana mapema, vaa bukta yako, pasi si lazima, ukasimame mstari wa nyuma. Utakosea hatua, utapinda kama lile dirisha, na mkeo atageuka akuone, acheke. Mwache acheke. Ndicho kicheko ulichokuwa ukikichungulia.